Jaji Morris Carter na Suala la Ardhi: Nani Husikilizwa Mahakamani?

Katika madarasa ya itikadi tunayoendesha kwa makada wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, suala la ardhi huzuka kila mara, hata pale ambapo somo la siku ni jingine. Kijiji kinagombea mpaka na kijiji jirani. Mkulima wa pamba anamlalamikia mfugaji, na mfugaji analalamika kwamba njia ya mifugo imelimwa. Ndugu wanagombea ngitili ya marehemu baba yao, na mjane anaambiwa kwamba shamba ni la ukoo. Mbele ya migogoro hiyo kada mchanga huanza na swali moja: ni nani mwenye haki?

Swali hilo ni la lazima, lakini si la kwanza. Kabla yake lipo swali lingine ambalo historia ya Afrika ya Mashariki inatufundisha kuliuliza: ni nani anayeruhusiwa kusikilizwa, na mbele ya nani? Anayekataliwa kusikilizwa ameshindwa kabla haki yake haijapimwa. Ili kulieleza jambo hili tunachambua kazi ya jaji mmoja wa Kiingereza, Sir William Morris Carter, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uganda, kisha wa Tanganyika, na baadaye mgawaji wa ardhi za watu wengine kutoka Rhodesia hadi Palestina. Vijana wengi wa leo hawalijui jina lake, lakini matokeo ya kazi yake wanayajua.

I. Mtu na wakati wake

Carter alizaliwa mwaka 1873. Alikua katika ile robo ya mwisho ya karne ya 19 ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yanagawana Afrika, nayo kanuni ya sheria aliyoisoma ilikuwa ni ile iliyotengenezwa kuhalalisha mgawanyo huo. Aliingia katika utumishi wa mahakama za Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1912 akawa Jaji Mkuu wa Uganda. Mwaka 1920 alihamia Dar es Salaam kuwa Jaji Mkuu wa Tanganyika, akakaa hapo hadi 1924.

Inafaa tueleze mapema kwamba hoja yetu si kuwa jaji huyu alikula rushwa au alipindisha sheria za dola yake. Hoja yetu ni kinyume chake. Alizitumia sheria zile kama zilivyokusudiwa kutumiwa. Ubeberu haukuhitaji majaji wabovu ili ufanye kazi yake. Ulihitaji majaji wasomi, makini na waaminifu kwake. Kada anayetafuta ubaya wa mtu binafsi tu hataona mfumo, na mfumo usipoonekana mtu ataondoka nao utabaki.

II. Wamasai mbele ya mahakama, 1913

Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mkataba na viongozi wa Wamasai, akiwamo laiboni Olonana. Kwa mkataba huo Wamasai waliyaacha malisho yao ya Bonde la Ufa, karibu na Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate nafasi. Wenyewe wakapewa maeneo mawili, moja Laikipia upande wa kaskazini na jingine kusini. Mkataba ulisema kwamba mpango huo ungedumu kwa muda wote ambao Wamasai wangekuwapo duniani.

Ahadi hiyo haikufikisha hata miaka kumi. Walowezi waliitamani Laikipia nayo. Mwaka 1911, baada ya Olonana kufariki, ulitiwa sahihi mkataba wa pili, na Wamasai wa Laikipia wakaanza kuhamishwa kwenda kusini. Maelfu ya watu na malaki ya mifugo waliswagwa kupita milimani katika baridi na mvua, na wengi walipoteza mali njiani. Kiongozi wao Legalishu alipinga. Kisha Ole Njogo na wenzake wakafanya jambo ambalo wakoloni hawakulitazamia: badala ya kushika mikuki walikwenda mahakamani. Walidai kwamba mkataba wa 1911 haukuwafunga, kwa kuwa waliotia sahihi hawakuwa na mamlaka ya kuwasemea watu wa Laikipia, na kwamba ule wa 1904 ulikuwa bado hai.

Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo mwezi Mei 1913. Wakakata rufani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ilikaa na majaji watatu, na kiongozi wao alikuwa Morris Carter. Mwezi Desemba mwaka huohuo rufani ikakataliwa.

Tutazame sababu, maana humo ndimo somo lilimo. Majaji hawakusema kwamba Wamasai walidanganya. Hawakusema kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa batili, wala kwamba ng'ombe hawakufa. Walisema kwamba nchi ile ilikuwa himaya tu na haikuwa milki kamili ya Mfalme, na kwamba Wamasai hawakuwa raia wake, bali watu wa nchi ya kigeni waliobakiwa na chembe ya utawala wao wenyewe, kiasi cha kuweza kufanya mikataba na Mfalme. Kwa hiyo makubaliano hayo yalikuwa ni tendo la dola na dola, na mahakama ya Mfalme haina uwezo wa kuhoji tendo la namna hiyo. Kwa maneno mengine, wananchi waliozaliwa katika ardhi ile waligeuzwa wageni kwa siku moja, ili malalamiko yao yasisikilizwe. Rufani ya mwisho kwa Baraza la Mfalme mjini London haikufanyika.

Sasa tuvuke miaka minane tu. Mwaka 1915 Kenya ilipata sheria iliyofanya ardhi ya Waafrika kuwa ardhi ya Mfalme, na mwaka 1920 himaya ikageuzwa koloni. Mwaka 1921 Mkikuyu mmoja alipodai haki ya shamba, Jaji Mkuu Barth alitamka kwamba kwa sheria hizo Waafrika wamekuwa wapangaji wa Mfalme, na anaweza kuwaondoa apendapo.

Ndugu msomaji, ziweke hukumu hizi mbili pamoja. Mmasai aliambiwa: wewe si mtu wa Mfalme, hivyo huwezi kumshitaki. Mkikuyu aliambiwa: wewe ni mtu wa Mfalme, hivyo ardhi si yako bali ni yake. Hoja mbili zinazopingana zilifika mahali pamoja, nako ni kwenye shamba la mlowezi. Wahenga walikwisha sema: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

III. Uganda: mkulima wa pamba alimshinda jaji

Wakati huohuo Carter alikuwa na kazi nyingine nchini Uganda. Kuanzia mwaka 1911 aliongoza kamati ya ardhi iliyotazama maeneo nje ya Buganda. Kamati hiyo ilipendekeza Waafrika watengewe sehemu maalumu, na ardhi iliyobaki iwe ya serikali ili iweze kutolewa kwa wenye mashamba makubwa kutoka Ulaya. Gavana na walowezi waliunga mkono. Hata hivyo London haikuidhinisha.

Kwa nini? Si kwa huruma. Wakulima wadogo wa Uganda walikuwa tayari wanazalisha pamba kwa majembe yao, katika ardhi yao, nayo pamba hiyo ilihitajiwa na viwanda vya Uingereza. Bei za mpira na kahawa zilipoanguka mwaka 1920 na 1921, mashamba mengi ya walowezi yalitetereka, na mkulima mdogo akaendelea kulima. Mpango wa kuifanya Uganda nchi ya walowezi ukafa.

Sisi tunaoishi katika mkoa wa pamba tunapaswa kulitafakari jambo hili. Nguvu iliyouzuia mpango wa jaji ilitoka mashambani. Mkulima aliyekaa katika ardhi yake na kuzalisha alikuwa na hoja ambayo hata beberu alilazimika kuihesabu. Ndivyo ilivyokuwa baadaye katika Usukuma, pale wakulima wa pamba walipojenga vyama vyao vya ushirika na kuviunganisha mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Mkulima mwenye ardhi na mwenye umoja ni vigumu kumfukuza kwa karatasi.

IV. Tanganyika: jaji huyohuyo, masharti mengine

Carter alipofika Dar es Salaam mwaka 1920 alikuta hali tofauti. Tanganyika haikuwa koloni. Iliwekwa chini ya udhamini wa Ushirika wa Mataifa, na masharti ya udhamini yalimtaka Mwingereza azingatie haki na maslahi ya wenyeji katika kutunga sheria za ardhi. Mwaka 1923, chini ya Gavana Byatt, ilitungwa Sheria ya Ardhi iliyotangaza ardhi yote kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya gavana. Mwaka 1928 sheria hiyo ilirekebishwa ili itambue wazi haki ya mwenyeji anayekalia ardhi kwa mila na desturi.

Haifai tuitukuze sheria hiyo. Gavana ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na watu wa Meru walilionja jambo hilo mwaka 1951 walipofukuzwa Ngare Nanyuki. Hata hivyo, kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya udhamini, Kirilo Japhet aliweza kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 na kulieleza shauri lao mbele ya dunia. Ardhi hawakurudishiwa wakati huo, lakini walisikilizwa, na kusikilizwa huko kuliwaamsha Watanganyika wengi.

Kwa mwananchi wa kawaida wa Usukuma, mahakama ya jaji ilikuwa mbali. Shauri lake lilikwenda kwenye baraza la mtemi. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliyatoa mabaraza hayo kabisa mikononi mwa Mahakama Kuu na kuyaweka chini ya maofisa wa utawala. Mtu wa Ntuzu aliyeshindwa mbele ya mtemi alikata rufani kwa Bwana Shauri wa Wilaya ya Maswa, yaani bosi wa mtemi, kisha kwa bosi wa Bwana Shauri, hadi kwa gavana. Aliyetoza kodi, aliyelazimisha watu kazi na aliyehukumu walikuwa wa nyumba moja. Mfumo huo ulivunjwa baada ya Uhuru, mwaka 1963, serikali ilipoondoa mamlaka ya watemi na kuunganisha mahakama zote, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu.

V. Rhodesia, Kenya na Palestina: kutoka kuhukumu hadi kugawa

Carter alipoondoka Tanganyika kazi yake haikwisha. Mwaka 1925 aliongoza tume ya ardhi ya Rhodesia ya Kusini. Kisheria, Mwafrika wa huko alikuwa bado na haki ya kununua ardhi popote. Tume ilipendekeza haki hiyo iondolewe na nchi igawanywe kwa rangi, na ikadai kwamba hata Waafrika wengi wanaafiki utenganisho huo. Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Mgawanyo wa Ardhi ya mwaka 1930. Wazungu wapatao 50,000 walipata ekari milioni 49. Waafrika zaidi ya milioni moja waliachiwa ekari zisizofika milioni 30. Wazalendo wa Zimbabwe walipigana vita ya miaka mingi kabla ya kupata uhuru mwaka 1980, na shina la vita hiyo lilikuwa ardhi. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi za mstari wa mbele, ilibeba sehemu ya mzigo wa kusahihisha yale yaliyoandikwa na tume hiyo.

Mwaka 1932 akaitwa tena kuongoza Tume ya Ardhi ya Kenya. Safari hii Waafrika walisikilizwa. Walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza mashamba ya babu zao, na ushahidi uliochapishwa ulijaza majuzuu matatu. Lakini tume iliyotoa taarifa yake mwaka 1934 ilikuwa imezungukwa na ukuta mmoja: Nyanda za Juu za walowezi, zenye zaidi ya maili za mraba 16,000, hazikuguswa, bali zilithibitishwa. Waafrika waliongezewa vipande vya ardhi kandokando ya maeneo yao. Kisha ikapendekezwa kwamba madai yao yote nje ya maeneo hayo yafutwe moja kwa moja. Miaka 18 baadaye, mwaka 1952, hali ya hatari ilitangazwa dhidi ya Mau Mau.

Hatimaye, mwaka 1936 na 1937, Carter alikuwa mjumbe wa Tume ya Kifalme ya Lord Peel kuhusu Palestina. Tume hiyo ilipendekeza nchi ile igawanywe. Dunia inaendelea kulipia gharama za suala hilo.

Hapa somo linaongezeka hatua moja. Mwaka 1913 mlango ulifungwa kabisa. Mwaka 1932 mlango ulifunguliwa, lakini ndani ya ukumbi jibu lilikuwa limewekewa mipaka mapema. Kwa hiyo haitoshi mnyonge aruhusiwe kusema. Lazima anachosema kiwe na uwezo wa kubadili uamuzi.

VI. Baada ya Uhuru: swali halikwisha

Yapo makosa mawili ambayo kada anaweza kuyafanya katika somo hili. La kwanza ni kusema kwamba sheria ni chombo cha wakubwa tu, haina faida kwa mnyonge. Historia tuliyoieleza inakanusha hivyo. Masharti ya udhamini yalimpa Mtanganyika kinga ambayo Mkenya hakuwa nayo. La pili ni kudhani kwamba bendera ilipobadilika swali la kusikilizwa lilijibiwa daima.

Mwalimu Nyerere aliliona suala la ardhi mapema. Katika maandishi yake ya mwaka 1958 alipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kumilikiwa milele na mtu binafsi, na mwaka 1963 umilikaji wa namna hiyo ulifutwa nchini. Baadaye, katika miaka ya 1970, mamilioni ya watu walihamia vijijini, lakini haki za ardhi iliyoachwa na iliyochukuliwa hazikutungiwa sheria ya kutosha. Katika miaka ya 1980 mashauri yakajaa mahakamani, hasa mkoani Arusha. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, pamoja na kuzuia mashauri hayo yasiendelee mahakamani. Nia ilikuwa kuleta utulivu. Lakini njia ya kumzuia mwananchi asisikilizwe tumekwisha iona ilikotoka.

Tofauti ni kwamba safari hii mahakama haikukubali. Tarehe 21 Desemba 1994, katika shauri la Akonaay, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya kukalia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mwananchi hawezi kunyimwa njia ya kwenda mahakamani. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alikuwa ameamua shauri la mwanamke wa Kagera aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake. Ukoo ulidai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo inapingana na Katiba, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaitambua haki ya kimila kuwa na hadhi sawa na hati nyingine, na ikabatilisha mila zinazowanyima wanawake ardhi.

VII. Wajibu wa kada wa Simiyu

Sasa turudi kijijini. Mjane anapofika kwenye kikao na kuambiwa, "Mama, hili ni jambo la ukoo, wewe ni mtu wa kuja," amefanyiwa kitu gani? Amefanyiwa kile walichofanyiwa Wamasai mwaka 1913. Hakuna aliyeuliza alilima miaka mingapi, wala watoto watakula nini. Amegeuzwa mgeni ili shauri lake lisisikilizwe. Vivyo hivyo mfugaji anapoambiwa kwamba hana neno kwa kuwa hakuzaliwa kijijini, hata kama alipokewa na mkutano mkuu wa kijiji. Na vivyo hivyo wanakijiji wanapoitwa mkutanoni kupitisha ugawaji ambao wakubwa wachache wamekwisha kuufanya. Huo ni ukumbi wa mwaka 1932.

Kada hana mamlaka ya kuhukumu mashauri, na asijitwalie. Lakini ana wajibu ulio wazi. Kwanza, ahakikishe halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na kwamba muhtasari unaandikwa na kutunzwa. Pili, ahimize mipaka ya kijiji ipimwe, cheti cha ardhi ya kijiji kipatikane, na hati za kimila zitolewe zikiwa na majina ya mke na mume. Tatu, alitazame baraza la ardhi la kijiji: sheria inataka wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu, nao wawe ni wajumbe wa kusema na kuamua. Nne, ahakikishe kwamba anayelalamika hasikilizwi na yuleyule anayemlalamikia.

Wajibu huo hauna sherehe, na mara nyingi utamgombanisha kada na rafiki zake, maana anayefunga mlango kijijini leo si mlowezi tena. Huenda ni mwenyekiti, mzee wa ukoo, tajiri wa ng'ombe, au mwanachama mwenzetu. Ndiyo maana tunasoma historia hii. Jaji Carter ameondoka zamani, lakini kauli ile ya kumwambia mnyonge kwamba yeye si mtu wa kusikilizwa bado inaweza kutamkwa kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Kada akiisikia katika kikao chochote, asimame siku hiyohiyo adai kwamba mlalamikaji apewe nafasi ya kusema, na kwamba maneno yake yaandikwe.